Mapovu ya Mabamba au yai viza la Gazi? Kwa mwalimu mwenye pesa ya safari moja

Shemeji yangu anafundisha jiografia sekondari huko Tororo, mashariki ya Uganda, na wiki iliyopita alinipigia simu saa nne usiku, anajua saa hiyo niko kwa kochi. "Shem, shule imekubali safari moja tu mwaka huu, watoto 30, nataka waone mambo ya vinamasi na tabianchi kwa macho yao. Kitabu chao kinasema vinamasi vya maji chumvi ndo mabingwa wa kuzika kaboni. Sasa si tuje Katwe tu? Kule si kuna chumvi?" Nikacheka, alafu nikaona kumbe swali lenyewe ni zuri, na si yeye peke yake mwenye kulichanganya, kwa hiyo nimekaa nimeandika yote hapa, maana nimefika sehemu zote tatu zinazogombaniwa, yani kinamasi cha Mabamba karibu na Entebbe, ziwa la chumvi la Katwe, na mikoko ya Gazi kule pwani ya Kenya.

Tuanze na kile ambacho kitabu kinamaanisha. Kinamasi cha maji chumvi ni ule uwanda wa majani mafupi ufukoni, bahari ikijaa unafunikwa, ikikupwa unabaki wazi, umekatwakatwa na vijito vya matope. Viko vingi Uingereza upande wa Essex, viko Uholanzi na Ujerumani, viko pwani yote ya mashariki ya Marekani, na huku Afrika kuna kubwa kule Langebaan, Afrika Kusini. Uganda haina na haitakuwa nayo, sisi bahari tunaionea kwa ramani. Na hata Mombasa ukienda hutaukuta ule uwanda kama ulivyo kwenye picha za kitabu, kwa sababu penye joto mahali pale pale pameshikwa na mikoko. Mti wa mkoko unaogopa kitu kimoja, baridi ya kugandisha, penye baridi hiyo majani yanatawala, pasipo na baridi mikoko inakuja inayafunika kwa kivuli. Ndo maana huko Florida na Louisiana siku hizi, majira ya baridi yakiwa mapole, mikoko inapanda kaskazini na kuwala wale majirani zake wa majani. Kwa hiyo cha karibu zaidi ambacho mtoto wa Tororo anaweza kukanyaga ni Gazi, Kaunti ya Kwale, kwenye mikoko, na nyuma ya mikoko kuna uwanda mweupe wa chumvi wenye vimimea vifupi vya majani manene kama vidole vya mtoto, vile ndo ndugu kabisa wa vile vya Essex.

Katwe niimalize haraka maana haina kesi kubwa. Ni ziwa la volkeno huko Kasese, halina mto wa kutoka, maji yanaingia yanakauka na jua, chumvi inabaki, na watu wamekuwa wakiivuna karne na karne, kila familia na kidimbwi chake, njia nyembamba za matope katikati, kinamama wamesimama ndani mpaka magotini. Ni pahali pa ajabu, sikatai. Lakini chumvi ile haijatoka baharini, hakuna kujaa na kupwa, na ndani ya maji yale hakuna majani ya maana ya kuoza na kuzikwa. Ukitaka mtoto aelewe jua linavyokausha maji, au mvua inavyomfukarisha mtu, mpeleke Katwe. Mimi nilifika wakati mvua imepiga siku tatu mfululizo, vidimbwi vyote vimejaa maji baridi, yule aliyetutembeza akasema wiki hii hakuna chumvi hapa labda mwezi ujao, tukaangalia yale madimbwi ya kahawia, tukala samaki, tukarudi. Kama mtaenda basi iwe kiangazi, na mpite Munyanyange pale jirani kwenye wale ndege heroe. Ila kwa somo la kaboni, hapana shem.

Sasa wamebaki wawili, na hapa ndo kuna utamu.

Mabamba iko ng'ambo ya Entebbe, hekta 2,424 za mafunjo, ilitiwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya dunia ya vinamasi vya maana, mwaka 2006, mwaka mmoja tu baada ya Kampala kuwa mwenyeji wa mkutano wao mkubwa. Watu wote wanaenda kumwona bulwe, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, na ukweli ni kwamba hata mimi nilienda kwa ajili yake. Lakini kitu kilichonibakia ni upondo. Mwenye mtumbwi alikuwa anasukuma polepole kwenye kijinjia chembamba, mafunjo yamesimama huku na huku marefu kuliko mtu mara mbili, kila akichomeka upondo chini yanapanda mapovu, blup blup blup, mengi, yanapasukia juu ya maji karibu na mayungiyungi. Nikauliza ni samaki? Akasema hapana, ni pumzi ya tope.

Pumzi ile ni gesi ya methani. Chini ya mafunjo maji hayana oksijeni, au ina kidogo mno, na ushahidi unamwona pale pale: kambare mamba, yule tunayemwita kamongo, anapanda juu kuchukua hewa kama mtu, maana matamvua peke yake hayamtoshi. (Na bulwe naye anamngojea juu hapo hapo, amesimama kama mlinzi wa benki, kamongo akitokeza tu amekwisha. Wavuvi zamani walikuwa wanamchukia huyo ndege, wanasema ukikutana naye asubuhi siku hiyo wavu unarudi mtupu, walikuwa wanamuua, leo wengine wao ndo wanamtafuta na mtumbwi kwa ajili ya wageni.) Sasa pasipo oksijeni, majani yaliyokufa hayaozi vizuri, yanajilundika, mwaka juu ya mwaka, yanakuwa mboji nyeusi, na kaboni iliyokuwa hewani imefungiwa humo. Hiyo ndo kazi nzuri. Ila kuna vijidudu wanaoishi bila oksijeni, wanaila ile mboji kidogokidogo na kutoa methani, na methani kwa kipimo cha miaka 100 inapasha dunia joto kama mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito huo huo. Hiyo ndo bili ya ile kazi nzuri.

Gazi sasa. Binamu yangu anakaa Ukunda, alinipeleka, tukaingia kwa daraja la mbao lililosimamiwa na kinamama wa pale kijijini, unapita katikati ya mikoko juu ya tope, anakuonyesha huu mkoko wenyewe wenye miguu mingi, ule mchu wenye vimizizi vimetoka ardhini kama kalamu, yule mlilana kule mbele unaotazama bahari. Mimi kwa ujuaji nikashuka kwenye tope nione. Hatua mbili, kandambili ya kulia ikamezwa. Nikaingiza mkono kuitafuta, na ile shimo niliyofungua ikatoa harufu, wee, yai viza. Kinamama wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo.

Ile harufu ndo jibu la kitabu cha shemeji. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita, na ndani ya hiyo chumvi mna salfeti, aina ya chumvi yenye salfa. Kwenye tope la bahari kuna bakteria wanaotumia salfeti kula mboji, hao wana nguvu kuliko wale wa methani, wanawapiku kwenye chakula, na badala ya methani wanatoa gesi ya yai viza. Kwa hiyo tope la chumvi linazika kaboni lakini methani yake ni kidogo sana. Ndo maana wanasayansi wanayasifia haya maeneo: hesabu moja inayotumika sana, ilitoka 2011, inasema vinamasi vya maji chumvi vinazika udongoni wastani wa gramu 218 za kaboni kwa mita ya mraba kila mwaka, mikoko 226, wakati udongo wa misitu ya nchi kavu ni gramu 4 au 5 hivi. Msinielewe vibaya, msitu una kaboni nyingi kwenye miti yenyewe, hapa tunahesabu inayozikwa chini.

Kwa hiyo kwa ubishi wa nani anazika kaboni kwa bili ndogo, Gazi anashinda, sina ubishi.

Lakini nikamwambia shem, ngoja kwanza, usikate tiketi. Kuna mtu mjanja atasikia hii habari ya methani aseme basi tuzikaushe hizi swampu zetu, si zinachafua hewa? Na hiyo ndo hoja ambayo watoto wa Tororo wanatakiwa waweze kuijibu kuliko ya Essex, maana hapo kwao Butaleja kuna Doho, mpunga mtupu, palikuwa kinamasi. Ukikausha mafunjo, oksijeni inaingia kwenye mboji, na kile kilichojilundika kwa mamia na maelfu ya miaka kinaanza kuoza na kupanda hewani kama kaboni dayoksaidi. Methani ikitoka inakaa angani kama miaka 12 hivi inavunjika, ile kaboni ya mboji ikitoka ndo imetoka, hutairudisha mwaka huu wala mwakani. Na ukipanda mpunga wa kusimamisha maji, methani iko palepale, shamba la mpunga nalo linatoa mapovu, sasa umepoteza mboji na gesi bado unayo. Sisemi watu wa Doho waache kulima, wanakula nini, nasema hesabu ndo iko hivyo.

Kitu cha pili cha kulinganisha ni maji kupanda, na hapa nilishangaa mwenyewe maana hawa wawili wanacheza mchezo tofauti kabisa. Bahari inapanda, kati ya 2006 na 2018 ilikuwa ikipanda kama milimita 3.7 kwa mwaka. Kinamasi cha chumvi kinajiinua kwa kunasa matope: maji yakijaa yanaleta tope, majani yanapunguza kasi yake, tope linatua, uwanda unapanda nywele kwa nywele. Bahari ikienda mbio kuliko tope, uwanda unatakiwa urudi nyuma kuelekea nchi kavu, na kama nyuma kuna ukuta, barabara au hoteli, basi umebanwa, unazama. Mikoko nayo ni hivyo hivyo. Mafunjo yeye hana presha hiyo, anaelea. Ule mkeka wake wa mizizi unaelea juu ya maji, ziwa likipanda na yeye anapanda. Mnakumbuka 2020, Victoria ilipanda ikavunja rekodi ya 1964, maji yakaingia nyumba za watu kando ya ziwa. Mafunjo mengi yalipanda tu na maji, shida ikawa mengine yalikatika yakawa visiwa vinavyotembea, na mwezi wa nne mwaka huo kisiwa kimoja kikateremka mpaka Jinja kikaziba mitambo ya umeme, nchi nzima giza. Mimi nilikuwa napika posho kwa koili, ikabaki uji.

Mafuriko? Huko Marekani walipiga hesabu kwamba tufani ya Sandy mwaka 2012 ingeharibu mali ya dola milioni 625 zaidi kama vinamasi vya pwani visingekuwepo. Huku kwetu huhitaji hesabu, panda boda siku ya mvua pitia Bwaise, Kampala, pembeni ya kinamasi cha Lubigi, uone maji yanavyotafuta ile swampu tuliyoijaza udongo na mabati. Na Nakivubo, pale yanapoteremka maji machafu ya mji, mafunjo yaliyobaki yanachuja kabla hayajafika Murchison Bay, ghuba ya Ziwa Victoria, na kule Ggaba ndo tunapochotea maji ya bomba. Hii hadithi Gazi haiwezi kuwapa. Mtoto akiona kwa macho kwamba chai ya asubuhi ya mtu wa Kampala imepita karibu na choo cha mji na katikati kulikuwa na mafunjo, hatasahau.

Upande wa pesa ya kijiji Gazi wako mbele, lazima niseme. Wana mradi wao wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanauza kaboni ya hekta 117 za mikoko, pesa inaingia kwenye maji ya kijiji na shule. Nilikunywa maji ya ule bomba, si story. Huku Mabamba pesa inatoka kwa wageni wa bulwe, inategemea watalii waje, na corona ilipoingia tuliona wenye mitumbwi walivyorudi kwenye samaki. Kisheria sisi tuko vizuri, katiba ya 1995 inasema vinamasi serikali inavishika kwa niaba ya wananchi wote, kipengele cha 237, lakini kati ya katiba na lori la udongo saa saba usiku, mnajua wenyewe nani anafika kwanza.

Sasa safari yenyewe. Gazi kutoka Tororo ni karibu kilomita 1,000, Malaba, Nairobi, Mombasa, mnavuka Likoni kwa feri, alafu kama kilomita 50 kusini. Ni usiku wa basi mmoja na nusu kwenda, karatasi za mpakani kwa watoto 30, barua za wazazi, na mwalimu mmoja atakayetapika. Na mkifika lazima mkute maji yamekupwa, hapo ndo watu wa bara tunapigwa: angalieni mwezi, ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, na kule Mombasa siku za bamvua yanakupwa kama saa nne saa tano asubuhi, hiyo ndo saa ya kuwa kwenye tope. Mkifika saa kumi jioni siku hiyo mtaona bahari tu na vichwa vya miti. Maji mafu yakiwa, yani mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo, watoto hawataelewa ulichowaletea. Viatu vya kufunga kamba, si kandambili, hilo nimeshalipia.

Mabamba mnalala Entebbe, asubuhi saa kumi na mbili mko Nakiwogo mnavuka na feri mpaka Buwaya, au mnapita barabara ya Masaka mnakata kwenda Kasanje, vumbi lake usiseme. Mitumbwi midogo, watoto 30 mnagawana mingi, patana bei ya kundi kabla ya kushuka kwa gari. Kwenda mapema si kwa ajili ya bulwe peke yake, jua likipanda watoto wanaanza kutazama simu.

Kwa hiyo ushauri wangu nilimpa hivi. Kama una darasa dogo la S6, mwaka wa sita wa sekondari, wale wa kusoma mazingira chuo, na shule ina pesa, nenda Gazi, tofauti ya salfeti na methani hutaipata popote hapa ndani, na watazungumza na wanakijiji waliouza hewa wakasaidia shule. Kama una watoto 30 wa S3 na pesa ya kubana, Mabamba bila kufikiria mara mbili, alafu wakirudi nyumbani wapite Lubigi. Katwe acha kwa mwalimu wa kemia. Na kama pesa yote itakwama, maana za shule hukwama, tembea nao kwa miguu mpaka bonde lolote la mpunga hapo jirani, uwaulize palikuwa na nini kabla, mzee wa hapo atawaambia bure.

Akanibishia kidogo, "lakini shem, mtihani utauliza chumvi." Nikamwambia mtihani utauliza kwa nini tope linahifadhi kaboni, na upondo wa Mabamba unajibu hilo vizuri kuliko picha ya Essex. Ile habari ya chumvi na yai viza ataichora ubaoni kwa dakika kumi, nimempa hata kandambili yangu ya kushoto akaonyeshe.

Jana ameniandikia. Watoto 30, Mabamba, usiku mmoja Entebbe, kurudi kupitia Lubigi na Bwaise. Ameuliza kitu kimoja tu, kama chupa ya soda inatosha kukamata yale mapovu. Nimemwambia ya soda ni ndogo, achukue ya maji ya lita moja na nusu, akate kitako, kifuniko kibaki kimefungwa, aizamishe mpaka ijae maji, aisimamishe mdomo juu wakati mwenye mtumbwi anachokoa chini. Kuwasha awashie nchi kavu, mbali na mafunjo, na kiberiti akae nacho mwenyewe.